Apio Aliyehesabiwa Ng'ambo Mbili

Ukitumwa kuhesabu watoto wa shule, mwanangu, usianze na vichwa. Anza na miguu. Kichwa cha mtoto hunyolewa, huoshwa, hufundishwa kuinama mbele ya mgeni. Mguu hauna adabu hizo. Unasema tu ulikotoka. Mguu mkavu wenye vumbi jekundu umekuja kwa barabara. Mguu wenye umande na mbegu za nyasi umekata mashamba. Na mguu wenye tope jeusi mpaka gotini, tope linalonuka mafunjo, huo umevuka kinamasi, na ni juu yako kuuliza umevuka kwa nini.

Hayo niliambiwa na Mzee Obbo, mkubwa wangu katika ofisi ya elimu pale Tororo, siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi juzi. Nilivaa tai, na viatu vyeusi ambavyo mama yangu alikuwa amevionyesha kwa majirani wote wa Busia kabla sijavivaa. Nilitarajia Mzee Obbo anikabidhi sera ya nchi. Akanikabidhi baiskeli.

"Kijana wa digrii," akasema, "nenda kahesabu. Na tazama miguu."

Nilicheka kwa heshima. Nilidhani ni utani wa wazee wa ofisi.

Nawaandikia nyinyi mlioajiriwa majuzi katika ofisi za elimu kwa sababu nimesikia mnatumwa tena kufunga shule zenye watoto wachache. Niliposikia habari hiyo niliruka kutoka kitini, jambo ambalo mgongo wangu, ulionistaafisha mapema, hauruhusu. "Wanafunga shule tena!" nikamwambia mke wangu. Akaniuliza, "Sasa hiyo ndiyo habari ya kuruka?" Si ya kuruka, nakubali. Lakini mimi najua jambo kuhusu kazi hiyo, na mtu aliyestaafu akipata nafasi ya kujua jambo hulala kwa shida. Kaeni niwaeleze.

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, serikali ilizichukua shule kutoka mikononi mwa makanisa ikazikuta zimekaa kama majogoo. Palipokuwa na shule ya Wakatoliki, Waprotestanti walikuwa wamejenga yao mkabala, zitazamane. Kila shule nusu tupu, kila moja na walimu wake, kila moja na mwalimu mkuu anayeamini kwamba ile ya pili ingeanguka tu mambo yangenyooka. Amri ikashuka hadi Tororo: shule mbili zikiwa karibu na watoto ni haba, moja ifungwe. Kwenye karatasi ilipendeza. Mimi mwenyewe niliisoma nikaona hata mhuri wake umekaa vizuri.

Kwanza niwaambie gharama, maana hakuna atakayewaambia. Kabla ya safari yangu ya Merikit ofisi ilikuwa imeshafunga shule moja ndogo upande wa Busia. Mimi nilitumwa baadaye kutazama faida. Madawati yalikuwa yamehamishiwa shule ya jirani, ambako hayakupita mlangoni, yakawa yanalala nje na kuku. Shule ya jirani sasa ilihitaji chumba kipya, kwa hiyo tulichookoa huku tulikuwa tunakitafuta kule. Na watoto? Niliwatafuta watoto kwa baiskeli. Baadhi walikuwa wamevuka mpaka kwenda kwa shangazi na wajomba upande wa Kenya, wakasome huko. Wengine walikuwa wamevuka mpaka na mafungu ya ndizi kichwani, na hao hawakuwa wakienda kusoma. Nilimkuta mmoja pale mpakani nikamuuliza atarudi shule lini. Akaniuliza, "Ipi?" Nilirudi Tororo nikaandika kwamba zoezi limekwenda vizuri isipokuwa kwa madawati.

Basi nikatumwa Merikit.

Huko kulikuwa na bonde, na katikati ya bonde kinamasi cha mafunjo. Ng'ambo ya huku shule ya Waprotestanti, iliyoita watoto wake kwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya; reli ya Tororo ilitulisha na kutupa kengele. Ng'ambo ya kule shule ya Wakatoliki, iliyoita wake kwa ngoma. Asubuhi chuma kikilia, ngoma inajibu kwa nguvu zaidi, chuma kinaongeza. Watu wa bonde lile hawakuwa na haja ya saa.

Shule ya chuma iliongozwa na Mwalimu Perusi, mama mrefu, mwenye sauti ya kusimamisha mbuzi. Ile ya ngoma iliongozwa na Mwalimu Ochwo, mtu mfupi, mtaratibu, aliyekuwa na tabia ya kutazama dari akiulizwa swali. Hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu mechi fulani ya mpira iliyokwisha kwa mawe. Zote mbili ziliishia darasa la nne. Aliyetaka la tano aende Tororo, na wachache sana walikwenda.

Nilifika kwa Mwalimu Perusi asubuhi, nikahesabu vichwa. Mbele kabisa ya darasa la nne alikaa binti mwenye macho makali, amembeba mdogo wake mgongoni, kama ilivyokuwa desturi. Mama yuko shambani, mtoto atabaki na nani?

"Jina lako?"

"Apio."

"Na huyu?"

"Yokana. Yeye hasomi bado," akanieleza, nisije nikakosea.

Yokana alikuwa akila kiazi kitamu. Alinyoosha mkono akaishika tai yangu, akaivuta kama mtu anayefunga ng'ombe, akaiachia na kiazi. Darasa zima likacheka. Nikafuta kwa leso, nikaendelea na utumishi wa umma.

Nilipomaliza nilitaka kuondoka mara moja, maana barabara ya kwenda ng'ambo ilizungukia mbali. Mwalimu Perusi hakukubali. Chai ililetwa. Njugu zikaletwa. Nikaulizwa habari za mama, za baba, za Busia, za chuo kikuu, kama ni kweli huko watu husoma wamekaa kwenye majani. Nilijieleza kwa kirefu. Sikujua kwamba chai ile ilikuwa kazini.

Nikapanda baiskeli, nikazunguka, nikafika kwa Mwalimu Ochwo jasho likinitoka. Madarasa yamejaa! Nilishangaa, ofisini tuliambiwa hii ndiyo dhaifu. Nikaanza kuhesabu. Darasa la nne, mbele kabisa, binti mwenye macho makali, mtoto mgongoni.

"Jina lako?"

"Adongo."

Hapa, vijana wangu, elimu yangu ilinifikisha pabaya. Kwa Wapadhola, kama kwa Wajaluo, pacha wa kike anayetangulia huitwa Apio na anayefuata huitwa Adongo. Mimi ni Msamia wa Busia. Kidhopadhola changu wakati ule kilitosha kuombea maji ya kunywa tu. Lakini hilo la pacha nilikuwa nimelisoma! Nikajaa furaha kuona digrii ikifanya kazi.

"Mwalimu," nikamwambia Ochwo kwa majivuno, "pacha wa huyu nimemwacha kule ng'ambo."

Mwalimu Ochwo akatazama dari. "Ndiyo, Bwana. Wanafanana sana hawa."

"Sana," nikakubali, nikaandika.

Ndipo mkono mdogo ukatoka nyuma ya bega la Adongo, ukaikamata tai yangu pale pale penye doa la kiazi.

Nikamtazama yule mtoto. Akanitazama kama watu wanaofahamiana.

"Na huyu?" nikauliza taratibu. "Naye ana pacha?"

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akashindwa kujizuia, na kicheko kikalipuka hadi darasa la kwanza upande wa pili wa ukuta, ambako hata hawakujua kinachochekwa. Nikainama. Nikatazama chini ya madawati. Benchi baada ya benchi, tope jeusi mpaka gotini, linanuka mafunjo. Mzee Obbo hakuwa akitania. Adongo hakuwahi kuzaliwa. Alitungwa pale kinamasini asubuhi ile, huku mimi nikinywa chai.

Nilikasirika kama anavyokasirika mtu aliyevaa tai yenye kiazi. Nikaagiza Mwalimu Perusi aitwe. Alikuja kwa njia ya mafunjo, gauni amelikunja, na hakumsalimia Ochwo.

"Mlipanga hili lini?" nikauliza.

"Kupanga na nani?" akasema Perusi. "Mimi na huyu bwana hatusemezani."

"Hatusemezani," Ochwo akathibitisha, akiiambia dari.

"Basi nani amepanga?"

"Sisi." Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mama wa Apio, jembe begani, na nyuma yake akina mama wengine wa ng'ambo zote mbili. Walikuwa na chemchemi moja ya maji, pale katikati ya kinamasi, na mambo ya bonde yaliamuliwa pale, mitungi ikijaa. "Bwana Elimu, wewe nakuja kufunga. Sisi nafanya nini? Naimba?"

"Mama, serikali imeona watoto ni wachache..."

"Wachache si kosa yao. Sikiliza. Mvua ikianza, maji nafika hapa." Akagusa kifua chake. "Ukifunga hii, wadogo wa huku nazama wakienda kule. Ukifunga ile, wa kule nazama wakija huku. Wewe iko na masomo mingi. Chagua wa kuzama."



"Na Apio yangu," akaendelea, akimnyooshea kidole binti yake, "amesoma darasa ya nne mara mbili. Si mjinga. Ya tano haiko. Sasa unataka kufunga hata hiyo ya nne?"

Apio akatazama chini, kisha akanitazama mimi. Sikuona aibu yoyote ya kukamatwa. Alikuwa akingoja tu, kama mtu aliyefanya hesabu yake yote akabakiza mstari wa mwisho.

Ningependa kuwaambia kwamba wakati ule niliinuka nikatoa hotuba. Nilichofanya ni kugeuka kulitazama darasa, na nikaona nilichokuwa nimekitazama kwa muda wote bila kukiona. Watoto wa chuma na watoto wa ngoma walikuwa wamebanana kwenye mabenchi yale yale. Walikuwa wamegawana vibao vya kuandikia. Hakuna aliyempiga mwenzake. Chumba kilikuwa kimejaa, na chumba kilichojaa watoto kina mlio wake, kama mzinga wa nyuki. Hilo ndilo lililokuwa limenishangaza nilipoingia: kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilikuwa nimesimama ndani ya shule iliyojaa!

"Lakini nyinyi!" nikapiga kelele, hata Yokana akashtuka. "Nyinyi mmeweza kuazimana watoto kunidanganya mimi! Kuazimana ili kuwafundisha kuna ugumu gani?"

Basi, vijana, sijui nani alisema nini baada ya hapo, maana kila mtu alisema. Niliandika ubaoni nikafuta, Perusi akaninyang'anya chaki, Ochwo akamnyang'anya Perusi chaki, na hapo ndipo walipoanza kusemezana bila kukusudia.

"La kwanza na la pili yabaki kila ng'ambo," akasema Perusi. "Hao ni vitoto."

"La tatu na la nne yaende kwako," akasema Ochwo, na kwa mara ya kwanza akamtazama mtu usoni.

"Na kwako?"

"Kwangu vyumba viwili vinabaki vitupu. Tutaanzisha la tano. Mwakani la sita."

Mama wa Apio akashusha jembe. "La tano? Hapa?"

Wakubwa wangevuka. Akina baba wangelaza magogo juu ya ile njia ya tope, na hilo lilifanyika upesi, maana sasa walikuwa na sababu. Ugumu ulibaki mambo mawili. La kwanza lilikuwa dini: Perusi aliogopa watoto wake watarudi wakipiga ishara ya msalaba, Ochwo aliogopa wake watarudi hawapigi. Tukakubaliana kwamba Ijumaa asubuhi kila mtoto arudi ng'ambo ya kanisa lake kwa somo la dini. La pili lilikuwa kubwa zaidi.

"Wangu waitwe kwa ngoma ya Roma?" akauliza Perusi.

"Na wangu waitwe kwa chuma cha treni?" akauliza Ochwo.

Tulikaa kwenye hilo muda mrefu kuliko darasa la tano, dini na magogo kwa pamoja. Mwishowe chuma kikapewa kazi ya kuita shuleni, na ngoma ikapewa kazi ya kuwavusha wakubwa. Kila mmoja aliondoka akiamini amepata iliyo muhimu.

Nilirudi Tororo nikipiga baiskeli kama mwendawazimu. Nikamweleza Mzee Obbo mpango wote, nikapitia haraka mahali pa tai. Alinisikiliza, akalaza kalamu. "Jaribuni," akasema. "Nitakuja mwenyewe kuona. Nikikuta ujanja wowote, nafunga zote mbili."

Sikilizeni kosa tulilofanya, na ni kosa ambalo watu wa bonde lile tu wangeweza kulifanya. Mzee Obbo alikuja bila taarifa, na alikuja Ijumaa.

Nilikuwa kwa Mwalimu Perusi gari la ofisi lilipotokea. Alihesabu, akatazama miguu, akaguna, akarudi garini. "Nakwenda ng'ambo," akasema, akashika barabara ya kuzunguka. Mimi nikabaki nikifurahi, mpaka nilipokumbuka kwamba ni saa ya dini. Darasa la tano kule ng'ambo lilikuwa na watoto wa Ochwo peke yao, wachache, wametawanyika kama meno ya mzee! Nikageuka kumwambia Perusi. Akawa ananitazama kwa macho makubwa. "Bwana," akasema, "wale mama wa chemchemi wameona gari."

Nikachungulia dirishani. Watoto walikuwa wanateremka bondeni kwa mstari, wakubwa kwa wadogo, wanapotelea kwenye mafunjo. Walikuwa wanaazimwa tena! Kwa upendo mtupu, akina mama walikuwa wanakwenda kutuzika.

Nilikimbia. Magogo yalijaa watoto, kwa hiyo nilishika tope. "Rudini!" nilipiga kelele. "Leo hatudanganyi! Leo ni kweli!" Watoto walidhani nawahimiza, wakaongeza mbio. Katikati ya kinamasi mguu wangu wa kushoto ulizama mpaka gotini, nikauvuta, ukatoka peke yake. Kiatu kilibaki. Sikurudi kukitafuta.

Tulitokea ng'ambo kwa pamoja, mimi na kundi lote, wote tumerukiwa na matope, wakati ule ule gari lilipokuwa linasimama. Mzee Obbo akashuka. Akatazama miguu ya watoto. Akatazama yangu, mmoja na kiatu, mmoja bila. Mwalimu Ochwo alitoka mlangoni, akatafuta dari, akakuta mbingu.

Mbele ya wote alisimama Apio, Yokana mgongoni.

"Jina lako?" akauliza Mzee Obbo.

Nilimwona Apio akifikiri. Akamtazama mama yake, aliyekuwa amefika na mtungi.

"Apio, Mzee."

"Una pacha?"

"Nilikuwa naye siku moja tu, Mzee. Siku ya kuhesabiwa."

Mama yake akafunika uso kwa mkono. Mzee Obbo hakucheka. "Wewe ni wa shule gani? Hii au ile?"

"Mimi ni wa darasa la tano."

"Nimekuuliza shule."

"Darasa la tano ni moja tu, Mzee," akasema Apio, kwa upole, kama alivyonieleza kwamba Yokana hasomi. "Jana nilikuwa hapa. Leo ni dini, niko kule. Jumatatu nitakuwa hapa. Kitabu changu kiko mle ndani, si unaweza kutazama?"

Mzee Obbo akaingia darasani. Tulibaki nje. Alipotoka alikuwa na kitabu cha hesabu cha Apio mkononi, wazi, na akaenda nacho mpaka ukingo wa mafunjo, akasimama akitazama shule ya ng'ambo, magogo, na ile barabara ndefu aliyotoka kuizunguka.

"Hawa wamefika kwa miguu pamoja nami, na mimi nina gari," akasema.

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

"Amri inasema shule mbili zikiwa karibu, moja ifungwe."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi sioni shule mbili." Akampa Apio kitabu chake. "Naona shule moja, ina kiwanja kikubwa sana, na maji kidogo katikati. Mwalimu mkuu ni nani?"

Perusi akamnyooshea kidole Ochwo. Ochwo akamnyooshea kidole Perusi. Mwaka uliotangulia kila mmoja angejinyooshea mwenyewe.

Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka. Mtu akagonga chuma ng'ambo, sijui alijuaje, na ngoma ikajibu, na wakati huu hazikushindana. Au pengine zilishindana, lakini mimi nilikuwa na furaha mno kusikia tofauti.

Msinielewe vibaya. Zipo shule ambazo zilihitaji kufungwa, na nilizifunga. Nawaomba tu mfike kwa miguu, mnywe chai mkijua kazi yake, na kabla hamjauliza watoto ni wangapi, ulizeni wanavukia wapi. Apio alimaliza la tano, akamaliza la sita, akaenda Tororo kwa miguu yake. Mara ya mwisho tulipokutana, sokoni, alikuwa mwalimu, na Yokana alikuwa mrefu kuliko mimi, amevaa tai. Niliishika kidogo, nikaivuta. Alishangaa sana, hakuna aliyewahi kumweleza.

Na ikitokea mmoja wenu akatumwa Merikit, akakuta wanachimba lile bonde wapande mpunga, awaambie waende polepole. Chini ya mafunjo, karibu na chemchemi, kuna kiatu cheusi cha mguu wa kushoto. Ni cha kijana aliyetumwa kufunga shule. Sikidai. Cha kulia ninacho hapa mezani, kinashikilia karatasi hizi zisipeperuke.